Sakafu za Mwalimu

Ukiingia nyumbani kwa Mwalimu, tazama miguu yako. Sebule iko chini. Chumba cha kulala kimepanda kiganja kizima. Kwenda jikoni unashuka tena, na kabla hujazoea kushuka unakutana na kizingiti cha stoo. Hakuna vyumba viwili vinavyokubaliana. Wageni hujikwaa, kisha huomba msamaha kana kwamba kosa ni lao, naye Mwalimu hucheka na kusema nyumba yake haipendi watu wanaotembea wakisinzia.

Aliijenga kwa miaka mingi, chumba kimoja kimoja, mstari mmoja wa mawe kila mshahara ulipobakiza kitu. Kila chumba kilipata sakafu siku simiti ilipopatikana, na sakafu ikakaa pale simiti ilipoishia. Majirani waliisifu sana nyumba hiyo. Walisema ndivyo maskini anavyojenga, haba na haba hujaza kibaba. Hata mimi niliwahi kusema hivyo. Siku hizi mtu akinitajia haba na haba, damu inanichemka.

Karakana yangu imepakana na boma lake, nje kidogo ya Eldoret, kwenye barabara ya kwenda Plateau. Kati yetu kuna ua wa miti ya miiba ya kaiyaba na mwanya tulioukata zamani ili tupite bila kuzunguka kwa geti. Mimi hutengeneza milango na madirisha. Yeye alifundisha ufundi wa vyuma hadi alipostaafu, na hapa kwetu hakuna anayemwita kwa jina. Hata mke wake humwita Mwalimu. Siwezi kumsimulia bila hasira, na sitajaribu.

Mwalimu hununua kila kitu kwa kupimiwa. Sukari ni ya leo, ya kesho itajijua. Mafuta ya kupikia ni ya kujaza kikombe. Akihitaji misumari sita hanunui saba, na mmoja ukipinda anarudi mjini kwa miguu kutafuta mwenzake. Mama wa duka la rangi na vyuma, Mkikuyu mmoja asiyependa maneno mengi, alimwambia siku moja kwamba soli anazomaliza kwa kwenda na kurudi zingemnunulia katoni nzima. Mwalimu alimjibu kwamba viatu ni vyake, lakini misumari inayobaki ni ya mwizi.

"Kitu kikilala kinaota miguu," alikuwa akisema. Alisema hivyo juu ya mchanga, mbao, rangi, hata unga. Mawe matatu yakiwa uani kwake, alikoroga simiti na kuyapandisha ukutani kabla ya chakula cha mchana. Ukimuuliza kwa nini asingoje yatoshe mstari mzima, anakuangalia kwa huruma na kuendelea na kazi yake.

Sababu ilikuwepo, na sitamnyima. Wakati ule wa vurugu za baada ya uchaguzi, alikuwa ametumia akiba yake yote kununua vifaa vya nyumba kwa mara moja: mawe, mabati, simiti, mbao, vyote vimepangwa uani vikingoja fundi. Yeye na mke wake walikimbilia kanisani. Waliporudi, ua ulikuwa mtupu. Kilichosalia ni chumba kimoja alichokuwa amekwisha kukijenga, kwa sababu ukuta haubebeki. Tangu hapo hakukubali kifaa kilale. Naelewa, na mtu yeyote angeelewa. Lakini kuelewa hakukunirudishia milango yangu, na hiyo nitaifikia.

Ajabu ni kwamba mtu huyo aliyepima chumvi kwa ncha ya kidole hakuwahi kupima muda wake. Nilipofungua karakana sikujua hata kunoa msumeno. Nilipita mwanya wa ua kuuliza swali moja, nikatoka jioni. Alinifundisha kuchomelea vyuma, kusoma mchoro, kusikiliza mota ikiwa karibu kuungua. Hakutaka chochote isipokuwa chai. Mashine ya kusaga mahindi ya mjane mmoja huko chini ilipogoma, aliishughulikia hadi ikakubali, na chakula chake alikitoa nyumbani kwake mwenyewe ili asimtie mama wa watu gharama.

Alikuwa na mdomo pia. Siku nilipochomelea geti langu la kwanza, alilizunguka taratibu, akainama, akauliza, "Hii ni welding ama kuku alipita hapa?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikakata yote na kuanza upya. Aliniita "msichana wangu" wakati huo, na aliendelea kuniita hivyo hata mvi zilipoanza kunitoka.

Katika yote aliyonifundisha, la kwanza lilikuwa mpira wa maji. Unachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unaujaza maji, mtu mmoja anashika ncha huku na mwingine kule, hata kama kuna ukuta katikati. Maji yakitulia, kimo chake ni kimoja pande zote mbili. Huhitaji kumwona mwenzako. "Maji hayana siasa," aliniambia. "Yakiunganishwa, yanakubaliana." Kisha akanipa sharti: maji lazima yangojewe. Mwenye haraka huweka alama yakiwa bado yanapanda na kushuka, na nyumba nzima inaifuata haraka yake.

Nilimuuliza siku moja, kwa utani, kwa nini basi nyumba yake iko vile, panda shuka panda shuka, na yeye ndiye bwana wa mpira wa maji. Hakukasirika. Alisema kila chumba kiko sawa na chenyewe.

Hilo ni jambo jingine juu yake: kosa halikuwahi kuwa lake. Mbao ikitoka fupi, imenyauka kwa jua. Geti lisipofunga, ardhi imesogea. Mke wake aliniambia kwamba katika ndoa yao yote hajasikia Mwalimu akitamka neno "nimekosea". Akikosea humpasulia kuni. "Nikiamka nikute kuni nyingi jikoni," alisema, "naanza kutafuta ni nini imeharibika." Tulicheka sana siku hiyo. Tulikuwa bado tunacheka.

Sasa mashine. Karakana kubwa za mjini zilikuwa zimeanza kuleta mashine za kuchonga kutoka ng'ambo, zinazoongozwa na kompyuta. Mteja akitaka milango ya nyumba nzima yenye ua la aina moja, anaipata imefanana kama sarafu. Mimi nilikuwa na patasi na mgongo unaouma. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akijenga kwenye mtaa wa Elgon View akaona mlango wangu mmoja kwa rafiki yake, akaupenda, akataka milango yote ya ndani iwe hivyo, isitofautiane hata kidogo. Alinipa muda hadi mafundi wake wamalize kupiga lipu. Kwa mkono nisingeweza. Kwa mashine ningeweza, na majirani zake wangeona, nao wangeuliza fundi ni nani. Kwangu hiyo haikuwa kazi moja tu. Ilikuwa njia ya kutoka kwenye mlango mmoja mmoja kabla mwili haujakataa.

Mashine ya kununua sikuiweza, basi tukaunda yetu. Tulichomelea fremu ya chuma kizito, mimi na Mwalimu, na juu yake zilikuwa zikae reli mbili, moja kila upande, ambazo kigari kinachobeba kisu kingetembea. Shida ni kwamba chuma cha dukani hakijanyooka kama kinavyodai, na moto wa kuchomelea hukipinda zaidi. Reli zikitofautiana hata kwa unene wa sarafu, kisu kinazama upande mmoja na kuelea upande wa pili. Viwanda vina mitambo ya kusawazisha chuma. Sisi tulikuwa na grenda na maombi.

Dawa yake niliiona kwenye simu. Unazungushia chuma kingo, halafu juu yake unamwaga epoksi nyepesi, ile inayochanganywa na hadina ili igande. Inatambaa, inatafuta usawa yenyewe kama maji, kisha inakuwa ngumu hivyo hivyo ilivyolala. Reli unazifunga juu yake. Lakini pande mbili lazima ziunganishwe kwa mifereji ya kuvuka, tuliyoiita madaraja, ili epoksi yote iwe ziwa moja. Na lazima yote imwagwe kwa mara moja. Ikishaganda, madaraja yanakatwa.

Nilipomweleza Mwalimu, aligonga paji la uso wake. "Ni mpira wa maji tu," alisema, na mimi nikafurahi, nikaona tumeelewana.

Tulikaa kukadiria. Urefu wa reli, upana wa chuma, kina kisichofika kucha ya kidole gumba; tukapata lita tatu. Mwalimu akapiga mstari chini ya hesabu na kuweka penseli sikioni. Nikamwambia bado. Madaraja yatakunywa lita moja na nusu, na tuweke nyingine kama hiyo kwa ajili ya itakayovuja kwenye viungo na itakayobaki imeshika ndoo. Alishtuka kama mtu aliyesikia matusi. Daraja halibebi kitu, alisema. Utalijaza, halafu ulikate ulitupe, hiyo ni akili gani? Na ya ndoo? Nikamwambia ndoo lazima ile.

"Ndoo si mtoto wangu," alisema.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilishinda, ama nilidhani nimeshinda, kwa sababu mnunuzi nilikuwa mimi. Tulikwenda pamoja kwa Mama wa duka. Hakuwa na epoksi ya aina hiyo. Alikuwa na gundi ya mirija midogo, na ile resini ya kuziba bodi za malori, ambayo huuzwa kwa chupa ya soda na hujikunja ikikauka. Mwalimu alikuwa tayari ameishika ile chupa ya soda, akisema tuchukue kidogo tujaribu. Mama wa duka aliitoa mkononi mwake bila kumwomba ruhusa, akaniagizia mikebe iliyofungwa kutoka Nairobi, lita sita kamili na hadina yake ndani ya hesabu.

Mikebe ilipofika alinionya. Baridi ya Eldoret itaifanya epoksi iwe nzito kama uji na isitambae, basi niiweke mahali penye joto, nichanganye yote, nimwage yote. "Usipunje," aliniambia. "Na usimwachie huyo mzee wako." Mwalimu alikuwa amesimama hapo hapo, akajifanya anaangalia bei ya koleo.

Karakana yangu ni mabati matupu. Jikoni kwa Mwalimu kuna jiko la kuni linalowaka kutwa, kwa hiyo mikebe nikaiweka huko. Kisha shangazi yangu akafariki Timboroa, nikaenda mazishini. Kabla sijaondoka nilimwambia Mwalimu, mke wake akisikia, kwamba nikirudi tutamwaga tukiwa wawili, mmoja akichanganya na mwingine akifukuza mapovu. Alinishika bega.

"Enda uzike shangazi yako, msichana wangu. Kazi itangoja."

Haikungoja. Nilirudi koti langu likinuka moshi wa matanga, nikamkuta amesimama kwenye mwanya wa ua akitabasamu. Alinishika mkono akanipeleka karakana, akafunua turubai. Alikuwa amemwaga. Reli ya kushoto siku moja, ya kulia siku iliyofuata, bila madaraja. Ya kulia ilikuwa imemwishia kabla ya kufika mwisho, maana nyingine ilibaki ndani ya ndoo, basi alichanganya kidogo akajazia. Pale zilipokutana palikuwa na tuta ambalo ukipitisha kidole unalisikia. Epoksi iliyobaki alikuwa ameipanga mezani, mikebe imefutwa vizuri.

"Nimekuokolea nusu," alisema. "Nilikuonea huruma. Uko kwa matanga na kazi imelala."

Nililaza ubao ulionyooka kutoka reli hii hadi ile, nikaweka pimamaji juu yake. Povu likakimbilia upande mmoja, likakaa huko. Upande wa kulia ulikuwa chini kwa unene wa sarafu mbili. Mwalimu aliangalia, akaondoa pimamaji, akaliweka kwenye reli moja peke yake, kisha kwenye nyingine.

"Kila moja iko sawa na yenyewe," alisema.

Hapo nikapiga kelele. Sikuwa nimewahi kumpigia mzee kelele maishani, na mama yangu angekuwa hai angenizaba kofi. Nilimuuliza ni nani alinifundisha mpira wa maji. Nilimuuliza kama amewahi kuona maji ya ndoo mbili tofauti yakikubaliana. Mtu asiyejua angeweza kukosea hivyo nikamwelewa. Yeye alijua, alijua kabla sijajua mimi, na aliacha kujua kwa sababu ya lita moja na nusu. Alisema tu kwamba upande wa chini utaongezwa kidogo kidogo mpaka ulingane.

Nilimkataza asiguse. Asubuhi nikakuta amegusa. Alikuwa amechukua ile iliyobaki akaipaka juu ya upande wa chini, na epoksi haikubali kupakwa kama siagi. Ilijivuta, ikavimba kingo, ikaacha mashimo katikati. Sasa upande uliokuwa chini ulikuwa juu kuliko wa pili sehemu kubwa, na chini kwingine, na mikebe yote ilikuwa tupu.

Nilifunga reli hivyo hivyo kwa kuwa muda ulikuwa umeisha. Nikachonga mlango mmoja. Ua lilichimbwa karibu kutokea upande wa kushoto, likafifia kadiri lilivyokwenda kulia, hadi petali za mwisho hazikuonekana kabisa. Mteja wangu wa Elgon View alikuja, akapitisha kiganja juu ya mlango, hakusema neno baya. Aliomba tu michoro yake. Milango ya nyumba ile ilichongwa kwingine, na kila nikipeleka kazi upande huo nazunguka barabara nyingine nisiione.

Watu walikuja kunituliza. Msamehe, ni mzee. Alitaka kusaidia. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ninayoyachukia kuliko yote. Ukiibiwa, unaruhusiwa kukasirika, na majirani wanakasirika nawe. Ukiharibiwa na mtu anayekupenda, unabaki na hasara, na juu yake unatakiwa utoe shukrani. Mimi sikutaka kusaidiwa. Nilitaka kungojewa. Aliyesema haba na haba hujaza kibaba alikuwa anasema habari za nafaka. Mahindi ya jana na ya leo hukaa pamoja bila ugomvi. Epoksi ya jana haiijui ya leo. Kuna vitu ambavyo nusu yake si nusu, ni sifuri, lakini sisi hapa tumezoea kupiga makofi kila jiwe linapowekwa. Kanisa letu limekuwa likijengwa tangu kabla sijabatizwa, na bado tunanyeshewa tukiimba. Barabara yetu ni viraka juu ya viraka. Tunaita uvumilivu kile ambacho mara nyingine ni woga wa kungoja hadi vitu vitoshe.

Siku moja nilikuta rundo la kuni mlangoni pa karakana. Zilikuwa zimepasuliwa vizuri na kupangwa kwa ustadi, na nilijua maana yake. Sikuzigusa. Zilinyeshewa, zikaota uyoga, zikaoza pale pale. Nilitaka neno, akaniletea kuni. Nikakata matawi ya miiba, nikaziba mwanya wa ua.

Kusaga ile epoksi kulinichukua muda mrefu, vumbi lake likaninyima pumzi. Kisha nikaanza upya na sikununua hata brashi mpaka vyote vilipowezekana kwa pamoja. Mama wa duka alikuja Jumapili baada ya ibada, akavua kilemba, akanisaidia kuchanganya. Tuliwasha majiko ndani ya karakana kwanza, mabati yakapata joto. Tulimwaga yote, madaraja yakiwemo. Ilitambaa kutoka upande mmoja hadi mwingine ikapita kwenye madaraja na kurudi, ikatulia, na ilipoganda povu la pimamaji likakaa katikati kila nilipoliweka. Mama wa duka aliosha mikono akasema, "Si ulisikia nilikuambia." Mashine hiyo inachonga hadi leo. Kazi zinakuja, ndogo ndogo. Ya Elgon View haikurudi.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, mke wa Mwalimu alianguka. Alikuwa akitoka jikoni na sufuria ya chai, pale kwenye kizingiti alichokipanda kwa miaka mingi, na mguu ukakikosa. Alivunjika nyonga. Hospitali ya misheni pale Plateau walimtengeneza vizuri, akarudi na fremu ya chuma ya kutembelea, ile yenye miguu minne. Fremu hiyo inataka sakafu moja. Nilikwenda kumwona kwa kupitia geti. Alikuwa ameketi sebuleni na hapo ndipo maisha yake yalipoishia, kwa sababu jikoni hawezi kufika, na chooni lazima abebwe. Mwalimu alikuwa ameanza kuweka vibao kwenye vizingiti, kimoja leo, kimoja kesho, kila kimoja na mteremko wake. Mke wake alivitazama vibao hivyo kwa muda.

"Mimi nimepona," aliniambia. "Nyumba ndio mgonjwa."

Hakusema kwa sauti ya chini. Mwalimu alikuwa mlangoni na alisikia.

Siku chache baadaye nilisikia matawi ya miiba yakivutwa. Mwalimu akaingia karakana kwa njia ya zamani, mkono umekwaruzika. Amezeeka. Alisimama kando ya mashine, akainama kulinganisha reli kwa jicho moja, kama alivyokuwa akifanya darasani. Kisha akaona mezani kipande cha daraja nilichokibakiza, kizito na kinachopitisha mwanga, ambacho mimi hukandamizia michoro. Akakiokota.

"Hii ndio ile daraja?"

"Ndio."

"Ulikata ukatupa."

"Nilikata, Mwalimu. Unaona nimetupa?"

Akakirudisha palepale kilipokuwa. Alisema anataka nimkadirie sakafu. Nikamuuliza ya chumba gani. Akasema ya nyumba yote, simiti na mchanga na kokoto, vije siku moja na vimwagwe kwa kimo kimoja. Nikamkumbusha kwamba milango yote itabidi ikatwe chini. Akasema ikatwe. Nikamkumbusha kwamba vifaa vitalala uani vikingoja mafundi. Akasema anajua. Alipofika kwenye mwanya aligeuka, lakini hakuniangalia.

"Na uweke ya ndoo," alisema.

Nilikadiria, nikaongeza ya kutosha. Lori lilimwaga kila kitu uani kwake, rundo ambalo boma lile halikuwa limeliona tangu vurugu zile. Mwalimu alileta kiti akakaa kando yake kutwa nzima, na kila mtu aliyepita barabarani alimfuata kwa macho hadi akapotea. Nilimwona kupitia ua, nikamhurumia kwa moyo wote, na hasira yangu ilikuwa bado ipo.

Kabla mafundi hawajaja, ilibidi tuweke alama za kimo kwenye kuta za vyumba vyote. Akatoa mpira wa maji, ule ule alionifundishia, sasa umegeuka manjano. Yeye akashika ncha moja jikoni na mimi nyingine chumba cha kulala, kuta mbili kati yetu. Mpira ulipita sebuleni, karibu na miguu ya fremu ya mke wake, aliyekuwa akikoroga chai. Sikumwona Mwalimu. Niliona maji tu kwenye ncha yangu, yakipanda na kushuka.

"Fundi," aliita kutoka jikoni. Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

"Eeh, Mwalimu."

Sebuleni kijiko kiliacha kugonga kikombe.

"Ile epoksi. Nilikosea. Ningekungoja."

Sikumwambia haina shida. Shida ilikuwepo, na mpaka leo iko Elgon View, imetundikwa kwa bawaba za fundi mwingine. Nilimwambia ndio, ulikosea, na sauti yangu haikuwa nzuri. Nikasikia penseli ikigusa ukuta upande wake.

"Usiweke alama," nikamwambia. "Maji bado yanacheza."

Penseli ikanyamaza. Akangoja.